Kuifufua Vespa ya Zamani Nyumbani: Kabureta Iwe ya Mwisho

Ukiipeleka Vespa iliyolala bandani miaka mingi kwa fundi wa bodaboda, kitu cha kwanza atakachoshika ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ataisafisha, atacheza na skrubu, itawaka na kutoa moshi, utamlipa, na wiki ijayo utarudi. Si kwamba kijana hajui kazi. Boxer na TVS anazozishika kila siku ni injini za mipigo minne, na Vespa ya zamani ni ya mipigo miwili. Hewa, petroli na oili vinapita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki (ekseli inayozungushwa na pistoni), ndipo vinasukumwa juu ya pistoni. Chumba hicho kikiwa na ufa mdogo wa kupitisha hewa, hata ukiagiza kabureta mpya kutoka Italia utakuwa umetupa pesa.

Kwa hiyo hapa tutaanza na bodi, twende kwenye moto wa plagi, tuzibe injini, na kabureta tutaigusa baada ya vyote hivyo.

Huku kwetu Mtwara na Lindi tuna bahati moja ambayo watu hawaioni. Mafundi wanaoijua injini ya mipigo miwili wapo tele, ila hawakai gereji za pikipiki. Wapo vijijini wanaotengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na wapo ufukweni, Shangani, Msanga Mkuu na Mikindani, wanaohudumia injini za boti. Ukikwama, waulize hao.

Ijue uliyonayo

Usinunue spea yoyote kabla hujasoma namba. Ya injini imegongwa kwenye mkono wa injini, karibu na shokomzoba ya nyuma. Ya bodi iko kwenye bati, upande wa vifuniko vya pembeni. Herufi za mwanzo ndizo zinazokuambia aina: VBB ni Vespa 150 ya miaka ya sitini, VBC ni Super 150, VLB ni Sprint, VLX ni PX 150, VNX ni PX 125, na VSX ni ile ya 200.

Kama yako ni Bajaj, iheshimu vilevile. Kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio hadi 1971, kisha ikaendelea na Chetak yake, ambayo imetokana na Sprint. Silinda ya Sprint ni milimita 57 na mwendo wa pistoni ni milimita 57, na Bajaj ya 150 ni hivyohivyo. PX 150 ni milimita 57.8, kwa hiyo pistoni zao haziingiliani. Mwenye duka atakuambia "hii inaingia tu, mzee." Mwombe kalipa, kile kipimo cha milimita, upime.

Bajaji za magurudumu matatu za sasa, ambazo nyingi ni mipigo minne, hazitakupa chochote cha injini. Zile za kale za mipigo miwili zilikuwa na injini ya ukoo huu, na ukikuta moja imetelekezwa, ongea na mwenyewe kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajafika.

Bodi na chumvi

Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki. Bati lenyewe ndilo fremu. Corradino D'Ascanio aliyeichora kwa ajili ya Piaggio, ikatoka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na ndiyo maana gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu kama la ndege. Kwa mtu wa pwani maana yake ni kwamba kutu ikila bati, imekula uti wa mgongo wa chombo.

Ng'oa mpira wa sakafuni. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti iliyokufa na mpini unazama. Pita hasa kwenye boriti ya chini ya sakafu, kwenye bolti za stendi, pale pedeli ya breki inapotokea na chini ya tangi. Vespa iliyowahi kubebeshwa ndoo za samaki ikague mara mbili, kwa sababu maji ya chumvi hutulia chini ya ule mpira na hayakauki.

Kutu ya juu juu iondoe kwa brashi ya waya na msasa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Usiache bati tupu lilale nje, maana upepo wa baharini hauhitaji zaidi ya usiku mmoja. Boriti ikiwa imetoboka, kata sehemu mbovu yote uchomelee bati jipya. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu. Kabla ya kuchomelea, tangi litoke na liende mbali kabisa. Tangi tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

Tangi likiwa na kutu ndani, tia siki pamoja na konzi ya nati ndogo, litikise, liache usiku kucha, litikise tena asubuhi. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kausha juani, kisha zungusha oili kidogo ndani. Hesabu nati ulizoingiza na ulizotoa. Koki ya petroli badilisha gasketi yake moja kwa moja bila kuijadili.

Plagi, waya na pointi

Kabla ya kupiga kiki hata mara moja, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwenye tundu lake, uiache ilale. Pistoni ikiwa imeganda, usiruke juu ya kiki, utavunja meno ya gia yake. Ongeza oili, ngoja siku kadhaa, weka gia ya tatu, kisha isukume Vespa mbele na nyuma taratibu.

Plagi ya kawaida ya 125 na 150 ni NGK B6HS au B7HS. Namba kubwa inapoza zaidi, na kwa joto letu la kaskazi mimi naipendelea B7HS. Nafasi ya ncha iwe milimita 0.6. Usikubali plagi yenye shingo ndefu hata kama uzi unashika, kwani pistoni inaweza kuigonga.

Jaribu moto plagi ikiwa imeegemea chuma cha injini, ukiishika kwa plaizi yenye mpira, na petroli isiwe karibu. Unataka cheche ya buluu. Ikiwa nyekundu na nyembamba, au haipo, fuata waya.

Hapa mifumo ni miwili. Vespa za kale zina pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili cheche itoke) na kondensa yake, na taa za volti 6. Familia ya PX nyingi zina boksi la elektroniki na volti 12. Kwa zenye pointi, toa kofia ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na kranki), zungusha mpaka dirisha lake likuonyeshe pointi zikiwa zimefunguka kabisa, pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: kati ya milimita 0.3 na 0.5. Zipitishie msasa laini, zifute kwa kitambaa chenye petroli. Cheche ikibaki ya njano na pointi zikiungua tena haraka, kondensa imekwisha.

Kwa PX, adui ni nyaya zinazotoka kwenye koili za ndani. Plastiki yake hukauka na kupukutika, zinagusana, na injini inazimika ikipata joto kisha inawaka ikipoa. Watu wamebadilisha boksi mpaka wakachoka kwa ugonjwa wa nyaya tatu za bei ya soda. Toa flaiwili, kunja kila waya kidogo. Ukionyesha shaba, unganisha mpya.

Kabla hujalegeza bamba la koili, chora alama kwa msumari kati ya bamba na injini. Alama hiyo ndiyo taiming yako, yaani wakati wa cheche kuruka. PX 125 na 150 huchoma nyuzi 18 kabla pistoni haijafika juu, ya 200 ni nyuzi 23, na mtu asiye na vifaa vya kupimia hana sababu ya kuisogeza. Tazama pia kii ya nusu mwezi iliyo chini ya flaiwili. Ikikatika, flaiwili inahama, taiming inapotea, na wewe utabaki unalaumu kabureta.

Kuziba injini

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayokula pistoni.

Kranki ina oilsili (mpira wa duara unaoziba) mbili kubwa. Moja iko upande wa flaiwili, nyingine upande wa klachi. Mpira uliolala miaka mingi hukauka, na kila upande una dalili zake. Oilsili ya flaiwili ikivuja, injini inavuta hewa tupu: unaachia mkono wa mafuta lakini mzunguko unabaki juu, plagi inakuwa nyeupe, injini inachemsha, na siku moja ukiwa katikati ya safari inajamu. Ya klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia: moshi mzito usioisha hata injini ikipata joto, plagi imelowa, na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini.

Unaweza kubashiri kwa dalili, ila kupima ni bora, na kifaa chake unakitengeneza mwenyewe. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri yake, toa vya ndani ubaki na ganda la chuma. Lipachike kijiti cha valvu cha tyubu kwa gundi ya chuma. Ng'oa kabureta, ng'oa ekzosi. Ziba matundu yote mawili kwa kipande cha tyubu ya gari kilichobanwa kwa bati na bolti zilezile. Toa flaiwili na bamba la koili ili oilsili ionekane. Shusha pistoni mpaka chini ili silinda na chumba cha kranki viwasiliane, funga plagi yako ya bandia, kisha sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli polepole.

Mgandamizo unaotakiwa ni mdogo sana, kama baa 0.3 hadi 0.4. Ukizidisha utaing'oa hata oilsili nzima. Geji ya tairi haisomi vizuri chini hivyo. Kinachofaa ni saa ya kipimo cha presha ya damu, ile ya kuminya kwa mkono. Mwisho wake ni milimita 300 za zebaki, sawa na baa 0.4, yaani saa yenyewe inakuzuia usipitilize. Iunganishe kwa mpira wa njia tatu.

Ukifika 250, acha kupiga, tazama saa. Ikitulia dakika chache, injini yako imeziba. Ikishuka, chukua sabuni ya maji na brashi upake hapa:

- Kwenye oilsili ya flaiwili. Mapovu yakitoka, umempata.
- Kwenye gasketi ya chini ya silinda na kwenye silinda hedi.
- Kwenye kikao cha kabureta na kwenye mwungano wa nusu mbili za injini.
- Kwenye tundu la oili ya gia, lile lenye skrubu iliyoandikwa OLIO. Ifungue, utandaze povu mdomoni mwake. Povu likivimba, hewa inapita oilsili ya klachi na kuingia kwenye gia.

Oilsili ya flaiwili kwenye PX inatolewa kwa nje, kazi ya nusu saa. Ya klachi kwa kawaida inataka injini ipasuliwe, na ukishaipasua badilisha beringi zote na ule msalaba wa gia pia, kipande cha mikono minne kinachoshika gia. Gia inayoruka yenyewe ukipanda mlima ni msalaba uliolika. Oilsili mpya iloweke kwenye oili kwanza, isukume ikiwa imenyooka, na midomo ya mpira usiiguse kwa chuma.

Nusu za injini usizitenganishe kwa kuchokonoa bisibisi katikati. Kuna sehemu ya aluminiamu ndani ambapo kranki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya petroli. Mkwaruzo mmoja pale, au mchanga uliopita kwa sababu mtu alitupa chujio la hewa, na kabureta itatema petroli nje maisha yake yote. Barabara zetu zenye mchanga wa Msimbati na za udongo mwekundu wa Newala hazimsamehi asiye na chujio. Lioshe kwa petroli, likaushe, lirudishe.

Juu na nyuma

Ukiwa umefungua silinda, kwangua masizi juu ya pistoni kwa kijiti cha mbao. Ringi mpya ikiwa ndani ya silinda, mdomo wake uache nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.35. Mshale wa pistoni uelekee tundu la ekzosi. Nati za silinda hedi kaza kwa kupishana, moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo.

Ekzosi iliyojaa masizi inafanya injini iwe na nguvu kwenye mzunguko wa chini na kukwama kwenye wa juu. Ichome kwenye moto wa kuni, mbali na petroli na mbali na nyumba, kisha igonge ikiwa imepoa. Itatoa uchafu wa kushangaza.

Oili ya gia ni SAE 30, mililita 250. Ibadilishe hata kama inaonekana safi. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano zinafanya klachi iteleze.

Waya za klachi na gia badilisha zote kwa pamoja. Waya wa baiskeli kwenye gia unaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye klachi usijaribu.

Breki: vumbi la breki za kale linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize, lifute kwa kitambaa kilicholowa. Nati kubwa ya ngoma ya nyuma irudishie spilipini mpya kila unapoifungua. Rimu za Vespa zimegawanyika nusu mbili zilizofungwa kwa nati, na tairi likiwa na upepo, ukilegeza nati zisizo zake, rimu inakurukia usoni. Toa upepo kwanza, hata kama una haraka. Ukirudisha, mbele jaza paundi 18, nyuma 26 ukiwa peke yako, 36 ukimpakia mtu.

Oili ya kuchanganya

Kwa VBB, Super, Sprint na PX isiyo na tangi la oili, ni asilimia 2: mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa lita tano. GS (Gran Sport) za kale zinataka asilimia 5. Pima kwa chupa yenye alama. Kizibo cha soda kila mtu ana cha kwake.

Sasa, jambo la pwani. Oili iliyojaa madukani kwetu ni ya injini za boti, imeandikwa TC-W3. Injini ya boti inapozwa na maji ya bahari, na oili yake imetengenezwa kwa joto hilo. Injini ya Vespa inapozwa na upepo wa feni tu, inachemka zaidi. Tafuta 2T ya pikipiki yenye alama ya JASO FC au FD. Ya boti iweke kama akiba ya kukutoa njiani, na siku hiyo uende pole.

Sasa kabureta

Toa kifuniko cha boksi la kabureta, ing'oe, ivue yote. Jeti, vile vijiskrubu vyenye tundu la kupitisha petroli, zipulize, zitazame kwenye mwanga, usizichokonoe kwa waya wa chuma kwa sababu tundu likipanuka namba yake inakuwa uongo. Badilisha sindano ya floti, ile inayofunga petroli ikijaa, kama ina mkunjo wa kulika, maana hiyo ndiyo inayofanya petroli imwagike chini usiku. Skrubu mbili zinazoshika kabureta kaza sawasawa bila nguvu nyingi. Ukizidisha, kikao kinapinda na unarudisha uvujaji uliotoka kuuziba.

Skrubu ya mchanganyiko iko nyuma ya boksi. Ifunge mpaka iguse, ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Washa, pasha injini joto kwa kuiendesha dakika kumi, si kwa kuipigia resi uani. Kisha tumia skrubu ya juu kupandisha kidogo sailensa (mzunguko wa injini ukiwa umeachia mkono wa mafuta), rudi kwenye ya nyuma, izungushe polepole utafute pale injini inapozunguka haraka kuliko kwingine. Kwenye kabureta hii kufungua ni kuongeza petroli. Ukipapata, fungua robo zaidi, kisha shusha sailensa ya juu mpaka injini itulie. Ukifungua skrubu zaidi ya mizunguko mitatu na bado haitulii, kuna kitu hukukiziba. Rudi kwenye sabuni.

Jeti kubwa usibadilishe kama ekzosi ni ya asili. Ukiweka ekzosi ya kisasa, anza na namba kubwa, ushuke mbilimbili, kwa sababu petroli nyingi inachafua plagi tu, na pungufu inayeyusha pistoni.

Kipimo cha mwisho ni plagi yenyewe. Asubuhi mapema kabla mabasi hayajaanza, toka Mtwara kuelekea Mikindani, fungua mkono wa mafuta wote kwenye gia ya juu kwa muda mfupi pale barabara ilipo wazi, kisha kwa pamoja kamata klachi na uzime injini. Jivute pembeni, ingoje ipoe kiasi, itoe plagi. Kahawia ya ganda la korosho iliyokaangwa ndiyo unayoitaka. Nyeupe, rudi nyumbani polepole ukiwa umefungua mkono wa mafuta nusu, uongeze jeti. Nyeusi iliyolowa, punguza, ila hakikisha kwanza choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, inafunga kabisa. Waya wake ukikwama bila wewe kujua, utahangaika na jeti bure.

Baada ya kilomita mia za mwanzo, kaza upya nati za silinda hedi injini ikiwa baridi, na nati za ekzosi. Msimu wa kusi ukianza, osha bodi kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki ukianzia chini ya sakafu. Koki ya petroli funga kila unapoegesha.